Barua ya wazi kwa wanaogawa fedha za utafiti: habari ya unywele mmoja na punje ya mchele

Waheshimiwa mnaokaa kwenye tume, bodi, kamati na wizara zinazoamua utafiti upi upewe fedha na upi urudishwe kwa mwenyewe, shikamooni. Naandika kutoka Tanga. Nafundisha fizikia sekondari, huu ni mwaka wa 17, na hadi mwaka juzi nilikuwa sijawahi kuwaomba hata shilingi moja. Leo nakuja na habari ya unywele. Naomba mnivumilie, maana wenzenu hawakunivumilia.

Shuleni kwetu wasichana wananyoa. Ndiyo sheria, na sina ugomvi nayo kwenye barua hii. Kwa hiyo siku binti wa kidato cha tatu alipoingia ofisini na bahasha iliyojaa nywele, nilidhani kuna mtu karogwa. Kumbe zilikuwa za wateja wa mama yake, ambaye ni msusi kule Ngamiani. Wiki hiyo tulikuwa tumesoma juu ya haigromita ya unywele, kifaa cha kupimia unyevu wa hewa alichokitengeneza Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva kwa nywele za watu, akakiandikia kitabu mwaka 1783. Kanuni yake ni nyepesi: hewa ikijaa unyevu unywele unarefuka kidogo, kama sehemu 2 katika 100, na ikikauka unarudi. Vituo vya hali ya hewa vilitegemea unywele kwa zaidi ya miaka 150.

Binti alikuwa na swali moja. "Mwalimu, kitabu kinasema unyevu unarefusha unywele. Mbona wateja wa mama wakichoma nywele Jumamosi, Jumapili upepo wa bahari ukivuma zinafupika?"

Nilimjibu kama walimu tunavyojibu tusipojua. Nikamwambia arudi kesho.

Kesho yake tulianza. Tulipigilia misumari miwili juu ya ubao, nyuma tukabandika karatasi ya grafu. Msumari mmoja tukautundikia unywele wa singa wa bibi yake mwanafunzi mwenzake, bibi mwenye asili ya Kihindi, na wa pili unywele wa kipilipili ulionyooshwa kwa kitana cha moto. Nywele zote tulizisafisha kwa spiriti kwanza, kwa sababu nywele zinazotoka kwa msusi zina mafuta ya kutosha kukaangia maandazi. Mwisho wa kila unywele tulifunga kifungo cha shati kuwa uzito. Haikufanya kazi. Kifungo kilikuwa kizito mno, kinaunyoosha unywele wa kipilipili hata usipotaka. Tukajaribu ushanga, nao mzito. Ni binti aliyetoka mbio kwenda jikoni akarudi na mchele. Punje moja kila unywele, kwa tone la gundi. Punje ikishuka, unywele umerefuka. Ikipanda, umefupika.

Tukafunika ubao wote kwa mfuko wa nailoni, ndani tumeweka bakuli la maji ya moto. Kabla ya nusu saa punje zile zilikuwa zimeachana. Ya singa ilishuka milimita 3 hivi. Ya kipilipili ilipanda, tena si kwa milimita, kwa sentimita, ikizunguka polepole kama mtu anayepanda ngazi za mnara. Tulipotoa mfuko na hewa kukauka, ya singa ikarudi ilikotoka. Ya kipilipili haikurudi. Ilibaki pale juu, unywele umejikunja kama vile haujawahi kuona kitana cha moto maishani mwake.

Sasa sikilizeni maelezo yake, kwa sababu ndani yake kuna kemia ya kidato cha tano yote. Unywele ni protini iitwayo keratini. Nyuzi zake zimeshikana kwa vifungo vya aina zaidi ya moja. Viko vifungo dhaifu vya haidrojeni, ambavyo moto au maji huvifungua na vinajifunga upya upande wowote mtakaoviacha. Viko vifungo imara vya salfa, ambavyo kitana cha moto kwa kawaida hakiviwezi. Mteja anaponyooshwa Jumamosi, vile dhaifu vimelazimishwa kukaa kwenye mnyoosho, lakini vile vya salfa vinakumbuka mkunjo. Unyevu ukiingia, vya haidrojeni vinaachia, na kumbukumbu inashinda. Ndiyo maana msusi akitaka kunyoosha moja kwa moja hawezi kutumia moto, anaweka dawa, na dawa kali ile inavunja vifungo vya salfa vyenyewe. Hata hivyo shina linaloota chini halijasikia habari hiyo, kwa sababu kitundu cha unywele wa kipilipili chini ya ngozi chenyewe kimepinda. Mama yake binti anayajua haya yote bila kutumia neno keratini hata mara moja.

Tukaipeleka kazi kwenye maonesho ya sayansi ya wanafunzi. Sitayataja ni yapi wala jaji ni nani, maana ni mtu mwema na amenipa lifti mara mbili. Alisimama mbele ya ubao wetu, akatazama nywele, akatazama mchele, akawaita wenzake: "Njooni mwone, hawa wametuletea saluni na mgahawa." Watu wakacheka, hata mimi nikacheka kidogo, Mungu anisamehe. Kisha akamuuliza binti swali ambalo ndilo lililonifanya niandike barua hii: "Hii inamsaidiaje mkulima?"

Binti akanyamaza. Aliyeshinda alileta bwawa la umeme la maboksi na plasta, zuri kweli, lililopakwa rangi ya buluu, ambalo halikuwa na swali hata moja ndani yake.

Nilipofika nyumbani nikaomba fomu ya ruzuku ndogo ya utafiti kutoka ofisi moja, nikidhani huko kuna watu wazima. Ukurasa wa pili ulinitaka nieleze faida ya moja kwa moja kwa jamii ndani ya miezi 18. Nikaandika: "Sijui." Fomu ilirudi. Ningeandika uongo, ningekuwa nimeshapata darubini.

Waheshimiwa, kicheko cha namna hii sisi wa mkoa huu tunakifahamu zamani. Shule ya sekondari ya Magamba iko Lushoto, huku huku kwetu. Mwaka 1963 mwanafunzi wa pale, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Ilitakiwa maziwa yachemshwe, yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Yeye akaogopa kukosa nafasi, akaingiza yake yakiwa ya moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake. Alipouliza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia, na darasa likapata utani wa mwaka mzima. Mpaka alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne, kijana akasimama kumuuliza mbele ya watu, wenzake wakaona aibu kwa niaba yake. Osborne hakuwa na jibu. Alichofanya ni kwenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima. Wanafizikia mpaka sasa wanabishana kwa nini linatokea, na wapo wanaobisha kama linatokea kweli. Sioni ubaya wowote hapo. Swali la kijana wa aiskrimu limewashughulisha watu wazima zaidi ya miaka 50.

Mtaniambia Mpemba hakumsaidia mkulima pia. Haya, twende kwa mkulima.

Nilipokuwa mdogo watu wa Tanga walikuwa na utani kwamba serikali inafuga mbung'o. Ulikuwa ukweli mtupu. Hapa mjini kituo cha utafiti wa mbung'o kilikuwa na vizimba vya nzi hao, wanalishwa damu ya ng'ombe kupitia utando kama wafalme, na madume wanapigwa mionzi mpaka hawawezi kuzalisha. Kisha wanapelekwa Unguja na kumwagwa kutoka kwenye ndege. Ukimweleza mtu hivyo bila maelezo ya ziada, anaweza kukuona umepungukiwa. Tuna mbung'o wengi, halafu tunawaongeza!

Siri ilikuwa kwamba jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika maisha yake, na huzaa buu mmoja mmoja. Akikutana na dume aliyechomwa kwa mionzi, basi habari yake imekwisha, hana kizazi. Kuanzia mwaka 1994 walimwagwa Unguja madume zaidi ya milioni 8. Septemba 1996 akakamatwa mbung'o wa porini wa mwisho, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, uliokuwa ukimaliza ng'ombe, ukakoma.

Wazo lile lilitoka wapi? Halikutoka kwenye fomu ya miezi 18. Lilitoka Marekani kwa Edward Knipling na Raymond Bushland, ambao tangu miaka ya 1930 walikuwa wakichunguza nzi anayetaga mayai kwenye vidonda vya ng'ombe, yule ambaye funza wake hula nyama ya mnyama aliye hai. Knipling aligundua kwamba jike wa nzi huyo naye hupandwa mara moja. Sasa fikirini mtu anasimama mbele ya kamati yenu na kusema naomba fedha nichungulie nzi wanavyojamiiana. Namuona mjumbe anavyofunika mdomo kwa karatasi. Lakini mwaka 1954 njia hiyo ilimaliza nzi hao kisiwa cha Curaçao, baadaye Marekani yenyewe, na miaka 40 baada ya Curaçao ikafika kwa ng'ombe wa Unguja, ikipitia Tanga. Hakuna kamati duniani ambayo ingeweza kuandika safari hiyo mapema kwenye kisanduku cha "matokeo yanayotarajiwa".

Narudi kwenye unywele, maana najua wapo wanaofikiri nzi ni jambo zito na nywele ni jambo la kina mama.

Miaka hiyo ya 1930, mjini Leeds, Uingereza, mji wa viwanda vya sufu, yaani manyoya ya kondoo, alikuwapo mtu anaitwa William Astbury. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za eksirei za sufu na nywele. Akaona kwamba unywele ulioloweshwa na kuvutwa hubadili sura yake ya ndani: kuna umbo ukiwa umetulia, kuna umbo jingine ukiwa umevutwa. Akayaita alfa na beta. Tendo la kuvuta unywele ulioloa linafanyika kila Jumamosi kwenye kibaraza cha mama yake binti. Tofauti ni kwamba Astbury alikuwa na mashine na mtu wa kumlipa. Watu walihangaika na umbo lile la alfa mpaka mwaka 1951, Linus Pauling na wenzake walipolieleza: protini imejizungusha kama springi. Leo mwanafunzi yeyote wa baiolojia au udaktari analikuta kwenye sura za mwanzo za kitabu chake. Na maabara ile ile ya Leeds ndiko Florence Bell alikopiga baadhi ya picha za mwanzo kabisa za eksirei za DNA, mwaka 1938. Yote kwenye ghala la sufu na nywele.

Kuna na hawa wa karibuni. Mwaka 2014 wanasayansi wa chuo cha MIT, Marekani, na wa Paris walichapisha kwenye jarida la Physical Review Letters kazi juu ya maumbo ya unywele mmoja wa kujikunja uliotundikwa. Mmoja tu, kama wetu! Walitengeneza fito laini za mpira zilizopinda kwa viwango mbalimbali, wakazining'iniza, wakaandika hesabu inayosema ni lini uzito utashinda mkunjo na ni lini mkunjo utashinda uzito. Nilipoisoma nilicheka peke yangu, kwa sababu suala la kifungo cha shati na punje ya mchele limo humo humo, limevaa suti. Hesabu hiyo inafaa kwa nyaya na mabomba yanayosafirishwa yakiwa yamezungushwa kwenye magurudumu makubwa, ambayo yakikunjuliwa yanabaki na kumbukumbu ya mviringo. Mmoja wa waandishi, Basile Audoly, mwaka 2006 alikuwa ameshiriki tuzo ya mzaha ya Ig Nobel kwa kueleza kwa nini tambi kavu ndefu ukiipinda haivunjiki vipande viwili, inavunjika vitatu au zaidi. Kwao anayechekwa mwaka huu haondolewi kwenye orodha ya malipo mwaka ujao. Ndipo tunapopishana nao, wala si akili.

Lakini kazi iliyonikera, na nasema kunikera kwa heshima, ni ya mwaka 2023. Tina Lasisi, Nina Jablonski na wenzao walichukua sanamu ya mtu inayopashwa joto, wakaivalisha mawigi ya nywele za binadamu, ya singa, ya mawimbi na ya kipilipili, wakaiweka kwenye chumba maalumu chini ya taa zinazoiga jua. Wakapima joto linalofika kichwani. Nywele zote zinakinga, lakini za kipilipili zinakinga kuliko zote, na mwenye nazo anahitaji jasho dogo zaidi kupoza kichwa. Wanafikiri hilo liliwafaa mababu zetu wa zamani sana chini ya jua la Afrika, wakati ubongo unakua na hautaki kuchemka. Chumba kile kiko Loughborough, Uingereza. Waheshimiwa, watu wamewasha taa katika nchi ya mawingu ili kuiga jua letu, kuelewa nywele zetu, na sisi wenye jua la bure na vichwa vyenyewe tunaulizana inamsaidiaje mkulima. Huyo mkulima anayelima saa 7 mchana bila kofia ana nini kichwani?

Nimeona pia nywele zikiamua nani apimwe ubongo vizuri na nani asipimwe. Kipimo cha umeme wa ubongo, kinachotumika kwa wagonjwa wa kifafa, kinahitaji vidude vyake viguse ngozi ya kichwa. Vilibuniwa na watu wa nywele za singa. Kwenye kipilipili kilichoshiba havikai, vinaelea juu kama chombo kwenye mwani. Pale chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mwanafunzi aitwaye Arnelle Etienne aliona jambo hilo, na yeye na wenzake wakatengeneza vidude vyenye umbo la kubana kwenye nywele zilizosukwa mistari. Yaani twende kilioni. Msuko ambao bibi zetu walisuka haraka haraka kukiwa na msiba ndio uliofungua njia ya kufika kwenye ngozi. Nchi yenye Mahenge, ambako kifafa kimejulikana na kuchunguzwa tangu miaka ya 1960, haikuuliza swali hilo kwanza. Tungeuliza vipi? Lingekuja kwenye kamati kama habari za misuko.

Na kuna madhara ambayo hayacheki na mtu. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliamua kuhesabu jambo ambalo kila msusi analiona, nywele za mbele kukatika kwa kuvutwa. Mwaka 2007 yeye na wenzake walichapisha kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu waliowachunguza alikuwa na tatizo hilo. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa takriban miaka 11 walieleza kwamba waliotumia dawa za kunyoosha nywele mara kwa mara walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya wasiotumia. Hesabu ya namna hiyo haithibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, nao walisema wazi kwamba uchunguzi zaidi unahitajika. Uchunguzi huo utafanywa na nani, na kwa vichwa vya nani? Mama yake binti anashika dawa hiyo kwa mikono yake siku 6 za wiki.

Hapa lazima niwe mkweli, maana nisipokuwa mkweli mtaniona nauza ndoto. Najua fedha hazipo. Najua kuna shule madawati hayatoshi, na maabara yangu mwenyewe ina bomba lisilotoa maji tangu Mei. Najua pia kuna utafiti wa kipuuzi kweli. Nimesoma tasnifu za kurasa 120 zenye vichwa vizito juu ya "mchango wa" hiki katika "maendeleo ya" kile, dodoso 60 zimejazwa na mtu mmoja usiku mmoja kwa kalamu moja. Hizo zina faida ya mkulima ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na hazina ukweli hata kidogo. Ukinipa nichague upi ni upotevu wa fedha ya umma, dodoso lile au punje ya mchele iliyopimwa kwa uaminifu mara 40, sihitaji kufikiri.

Wala sisemi kila anayepima nywele apewe fedha. Historia ya kupima nywele za Waafrika ina uchafu wake. Mjerumani Eugen Fischer alikuja Namibia mwaka 1908 kupima watu, na ana kipimo cha rangi za nywele kinachobeba jina lake, na sayansi yake ikaenda kuwatumikia Wanazi. Afrika Kusini ya makaburu, maofisa walichomeka penseli kwenye nywele za mtu, isipoanguka, mtu si Mzungu, na ndugu wa tumbo moja wangeweza kutenganishwa kwa penseli. Watu hao hawakuwa na swali. Walikuwa na jibu tayari mfukoni, na walitafuta unywele wa kulitundikia. Mkitaka kigezo cha kukataa maombi, mimi ningeanzia hapo: je, huyu yuko tayari kuona punje ikipanda wakati alitarajia ishuke?

Umoja wa Afrika uliazimia Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Hatujafika. Siku tukifika, na hata kabla, ombi langu ni dogo. Katika kila shilingi 100 mnazogawa, tengeni 5 kwa maswali ambayo mwenye nayo anaruhusiwa kuandika "sijui faida yake". Msizitoe ovyo. Mwulizeni atapimaje, atarudia mara ngapi, na nini kitamfanya akubali kwamba amekosea. Akijibu hayo vizuri mpeni, hata kama ni mbu wanaotembea kwa mguu, hata kama ni sauti ya nazi mbovu. Akishindwa, mnyimeni, hata kama amemtaja mkulima mara 30. Na majaji wa maonesho ya wanafunzi waagizwe kuuliza "umejuaje?" kabla ya "inasaidia nini?". Jambo hilo la pili halihitaji hata bajeti.

Binti sasa yuko kidato cha tano. Bado anakuja Jumamosi, na swali limeshakua. Anataka kujua kama unywele wa kipilipili ambao haujawahi kuchomwa wala kuwekwa dawa unaweza kuwa haigromita ya kuaminika, kwa sababu ule uliochomwa unasema ukweli mara moja tu kisha umemaliza. Tumeshapima nywele 11. Tatizo letu la sasa ni sampuli: wateja wa mama yake karibu wote wana dawa, na wanafunzi wenyewe wananyoa.

Kwa hiyo mkipita Tanga kikazi, naomba mfike. Unywele mmoja kwa kila mjumbe unatosha, mrefu kiasi, usiotiwa dawa, na msipake mafuta asubuhi hiyo. Mchele tunao.

Wenu,
Mwalimu wa fizikia, Tanga